Fedha ya Taxco: Mizani Peke Yake Haitoshi

MFANYABIASHARA anayenunua vito vikuukuu vya fedha kutoka Mexico kwa kutegemea mizani tu yumo hatarini mara mbili: anaweza kuuza kipande cha thamani kwa bei ya chakavu, au kulipia fedha isiyokuwamo.

Hesabu ya mizani ni rahisi. Bangili ya gramu 100 yenye chapa ya 925 ina gramu 92.5 za fedha halisi, yaani pungufu kidogo ya aunsi tatu za soko la madini. Hiyo ndiyo bei ya chini, na sonara wa kuyeyusha hulipa pungufu ya hapo. Kinachozidi kinalipia jina la fundi, umri na hali ya kipande.

Majina hayo yanatoka Taxco, mji wa migodi katika jimbo la Guerrero. Mwaka 1931, Mmarekani William Spratling alifungua karakana hapo, akitumia nakshi za wenyeji wa kale wa Mexico. Mafundi waliofanya kazi kwake, miongoni mwao Antonio Castillo, Héctor Aguilar na Antonio Pineda, baadaye walifungua karakana zao. Vita Kuu ya Pili ilipokatiza bidhaa za anasa kutoka Ulaya, wanunuzi wa Marekani waligeukia Taxco.

Kabla ya kutoa pesa, geuza kipande usome chapa. Muhuri wa tai ulianza kutumika mwaka 1948. Herufi mbili zikifuatiwa na namba ni utaratibu uliokuja karibu na mwaka 1980. Ukiambiwa bangili ni ya mwaka 1940 nayo ina herufi hizo, usilipie umri huo.

Namba tofauti na 925 si lazima iwe dalili ya ulaghai. Baadhi ya kazi za Spratling zina 980, za Pineda 970 na za Aguilar 940. Lakini neno "alpaca" ni onyo: huo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hauna fedha hata chembe.

Jina kubwa nalo lichunguzwe. Spratling alifariki mwaka 1967, lakini miundo yake iliendelea kutengenezwa, na chapa bandia zipo. Vipande vyenye ng'amba vina tatizo jingine: mkataba wa CITES unabana biashara yake ya kimataifa, hivyo mzigo unaweza kukwama forodhani.

Mwisho, soko hili ni la polepole. Wanunuzi wengi wako Marekani, na nyumba za mnada hukata kamisheni. Mwenye mtaji atakaouhitaji baada ya miezi michache asiuweke hapa. Mwenye subira anunue vipande vichache vyenye chapa inayosomeka, asiving'arishe kupita kiasi, na atunze risiti.