Mguu Unapodanganywa na Hofu

Dereva akiingia kwenye kona kwa mwendo uliozidi, mguu wake wa kulia hufanya jambo moja kabla hata hajafikiri: hutoka kwenye mafuta. Gari la kawaida la familia humsamehe, kwa kuwa wahandisi walilisuka likitegemea kosa hilohilo. Gari la spoti lenye nguvu ya farasi 500 na injini nyuma ya kiti huenda lisimsamehe. Uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na kufumba na kufumbua gari linatazama lilikotoka. Tatizo hili ndilo linalozipa shule za udereva wa kasi sababu ya kuwepo, na ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na wanaoziita burudani ya matajiri. Kazi inayofanyika kule ni nzito: kumfundisha mtu mzima, mwenye leseni ya miaka mingi, asiitii silika yake.

Mfano mzuri uko Pahrump, mji wa jangwani katika jimbo la Nevada nchini Marekani, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Las Vegas. Hapo pana uwanja wa mbio uitwao Spring Mountain, na ndani yake shule ya wamiliki wa Corvette ambayo kwa miaka mingi imebeba jina la Ron Fellows, Mkanada aliyeshinda katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2001 na 2002 akiwa na gari hilohilo. Anayenunua Corvette mpya Marekani amekuwa akichangiwa ada na General Motors, kampuni inayolitengeneza. Kozi ni ya siku mbili, na magari yanayotumika ni ya shule. La kwako unaliacha nyumbani.

Kampuni ina sababu ya kuchangia. Tangu mwaka 1953 Corvette ilikuwa na injini mbele. Toleo la nane, lililotoka kama modeli ya mwaka 2020, liliihamishia injini nyuma ya mgongo wa dereva: silinda nane, lita 6.2, nguvu ya farasi 490, na kufikia kilomita 100 kwa saa kutoka kusimama katika sekunde zipatazo tatu. Wateja wengi wa gari hili ni watu wazima walioendesha matoleo ya zamani kwa miongo. Mikono yao inalijua gari jingine kabisa.

Somo linaanza na kiti, na wengi hushangaa. Dereva husogezwa mbele kuliko alivyozoea, mgongo ukiegemea wima, mpaka akinyoosha mkono kifundo chake kilale juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Mikono hushika usukani katikati, mmoja kushoto, mwingine kulia, na haihami hapo. Goti la mguu wa breki lazima libaki limekunjika hata pedali inapokanyagwa hadi mwisho. Aliyezoea kuendesha amejinyoosha, mkono mmoja juu ya usukani, hataweza kufanya lolote kati ya yanayofuata.

Kinachofuata ni breki. Koni zimepangwa kwenye lami. Mwanafunzi anakuja kasi, na akizifikia anatakiwa akanyage breki kwa nguvu zake zote. Karibu kila mtu hukanyaga kidogo mno. Akirudia, anakanyaga vizuri, lakini pedali inaanza kutetemeka chini ya unyayo huku ikigugumia, naye anashtuka na kulegeza mguu. Mtetemo ule ni ABS inayofanya kazi yake: inaachia na kubana breki mara nyingi kwa sekunde moja ili magurudumu yasigande. Mfumo huu wa Bosch uliingia kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, na faida yake kubwa ni kwamba gari huendelea kuutii usukani wakati breki imebanwa hadi mwisho. Anayelegeza mguu kwa kuogopa mtetemo anautupa msaada huo wakati anauhitaji zaidi. Udhaifu huu wa mguu ni wa binadamu wote, kiasi kwamba mwaka 1996 Mercedes-Benz ilileta kifaa cha kumalizia kazi hiyo: kikiona pedali imepigwa haraka, hukaza breki chenyewe hadi mwisho, kwa kuwa madereva hukanyaga upesi lakini si kwa nguvu ya kutosha.

Niende kwenye hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo linapomgusa hata asiye na gari la spoti. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 10 kusimama tangu breki inaposhika. Likiwa na kilomita 100 kwa saa, linahitaji kama mita 40. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Sasa chukua magari mawili yaliyo sambamba, moja kilomita 100 kwa saa, jingine 120, madereva wote wakabana breki kwa pamoja. La kwanza linaposimama, la pili linapita ubavuni mwake likiwa bado na kilomita 66 kwa saa. Mwendo huo unatosha kuua. Hesabu hii haibagui kati ya Corvette jangwani Nevada na Toyota ya mtumba kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, na ningefurahi kuiona imebandikwa katika kila chuo cha udereva nchini Tanzania.

Baada ya breki huja kona, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kila tairi linagusa lami kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja. Kutoka kwenye viganja hivyo vinne gari hupata kila kitu: kuongeza mwendo, kupunguza, kugeuka. Mshiko ni uleule, na lazima ugawanywe. Mgawanyo wenyewe una siri inayowashangaza wanafunzi wengi. Ukitumia asilimia 80 ya mshiko kugeuka, unabakiwa na asilimia 60 kwa ajili ya breki, wala si 20, kwa kuwa nguvu hizi mbili zinakwenda pande tofauti na hujumlishwa kwa kanuni ya pembetatu ya Pythagoras. Lakini ukifikia asilimia 98 kwenye kugeuka, breki hubakiwa na kama 20 tu. Ukifika 100, huna chochote. Ukigusa breki hapo, tairi linaachia.

Kutokana na kanuni hiyo hutokea ustadi ambao shule hizi huupigania kuliko wowote: kuachia breki taratibu. Dereva mzuri hubana breki kwa nguvu zote gari likiwa limenyooka, kisha kadiri anavyougeuza usukani ndivyo anavyoulegeza mguu, kidogo kidogo, hadi breki inakwisha pale anapoukaribia ukingo wa ndani wa kona. Mkono unaongeza, mguu unapunguza, na jumla ya kazi ya tairi haivuki mpaka. Mabaki hayo ya breki yana faida nyingine: yanauweka uzito juu ya matairi ya mbele, nayo yanauma lami na kuigeuza pua kwa wepesi.

Uzito huo si mdogo. Gari la kilo 1,600, lenye kitovu cha uzito nusu mita kutoka ardhini na mita 2.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likipigwa breki kali huhamisha karibu kilo 300 kutoka nyuma kwenda mbele. Mguu unaochomoka ghafla kwenye mafuta katikati ya kona huhamisha kiasi kidogo kuliko hicho, lakini huhamisha wakati mbaya kabisa: matairi ya nyuma yanapunguziwa mzigo yakiwa tayari yameelemewa na kona. Mkia unachomoka.

Basi unafanyaje mkia ukichomoka? Huwezi kulijibu swali hilo kwa maneno matupu, na shule zimebuni vifaa vya ajabu kulifundisha. Kwenye kituo cha Porsche kilichofunguliwa mwaka 2016 huko Carson, karibu na Los Angeles, kuna sahani ya chuma iliyofukiwa barabarani. Gari linapita juu yake polepole. Matairi ya nyuma yakiikanyaga, sahani inaruka ubavuni na kuupiga mkia kushoto au kulia, bila dereva kujua ni upande gani. Mbele yake sakafu imelowa na inateleza. Anatakiwa ageuze usukani upande ule mkia unakokwenda, mara moja, huku macho yakiwa kule anakotaka kufika.

Wengi hufaulu nusu hiyo ya kwanza baada ya majaribio machache. Inayowashinda ni ya pili. Matairi ya nyuma yakishika tena, gari huruka kuelekea kule matairi ya mbele yanakotazama, na kama usukani bado umegeuzwa, mkia hutupwa upande wa pili kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo. Mrusho huo wa pili ndio unaowapeleka wengi mtaroni. Usukani lazima urudishwe mapema, na ishara ya kuurudisha haitoki machoni. Inatoka kwenye makalio na kiunoni, mahali mwili unapohisi mkia umetulia. Kwa hiyo dereva anafundishwa kusikiliza kwa kiti.

Aliyeipa elimu hii umbo lake Marekani ni Bob Bondurant, mshindi wa daraja la GT kule Le Mans mwaka 1964 akiwa na Dan Gurney. Mwaka 1967 usukani wa gari lake ulikatika kwenye uwanja wa mbio wa Watkins Glen akiwa kwenye mwendo mkali sana. Gari likabingirika, naye akaumia vibaya miguuni. Mwaka uliofuata alifungua shule yake California. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Paul Newman, mwigizaji aliyekuwa akijiandaa kwa filamu ya mbio za magari, mtu wa miaka arobaini na kitu. Mwaka 1979, akiwa na miaka 54, Newman na wenzake walimaliza wa pili Le Mans kwenye Porsche 935. Ninamtaja kwa sababu ni ushahidi kwamba mwili uliokomaa bado unajifunza, ukipata mwalimu na nafasi ya kukosea bila kuumia.

Kuna hatari moja ambayo lazima niiseme wazi. Katika miaka ya 1980 tathmini ya mafunzo ya utelezi kwa madereva wapya wa Norway ilionyesha kuwa vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walipata ajali nyingi zaidi. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 1996 unasaidia kuelewa sababu: waliofundishwa mbinu za kumudu gari walijiona hodari kuliko waliofundishwa kutambua mipaka yao, ilhali uwezo wao ulipopimwa haukuzidi. Mwalimu anayemtuma mwanafunzi nyumbani akijiona bingwa wa kuserereka amemtengenezea ajali. Kwa maoni yangu, shule ipimwe kwa jambo hili kuliko jina la bingwa lililoandikwa langoni. Zoezi la kuserereka linafaa pale mwanafunzi anapoondoka akijua jinsi mwendo mdogo unavyotosha kumshinda.

Siku ya pili Spring Mountain hutawaliwa na mbio za kufuatana. Mwalimu anaongoza kwenye gari la mbele, wanafunzi wachache wanafuata kwa mstari, redio ikiwa wazi. Anawaangalia kwenye kioo. Aliye nyuma akichelewa kuinua macho kuelekea kona ifuatayo, mwalimu hulijua kosa hilo mapema, kwa sababu gari linageuka kwa vipande vipande badala ya mpindo mmoja. Hapo anapunguza mwendo wa kundi zima na kukumbusha: tazama mbali zaidi. Wakianza kutumia upana wote wa njia, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani na kurudi nje, anaongeza. Upana huo una thamani kubwa: kona ya nusu kipenyo cha mita 30 inaruhusu kama kilomita 62 kwa saa kwenye lami nzuri, na ukiifungua hadi mita 60 unapata kama 87, kwa matairi yaleyale. Kwa utaratibu huo hakuna anayeweza kwenda kasi kwa kukanyaga mafuta zaidi. Njia pekee ni unadhifu.

Corvette za tangu mwaka 2015 zinaweza kuwa na kifaa cha kurekodi video pamoja na mwendo, usukani na breki. Kwenye grafu ya rekodi hiyo, mstari wa breki wa dereva mzoefu hupanda wima, hukaa juu kwa muda mfupi, kisha hushuka kwa mteremko mrefu hadi ndani ya kona. Wa mwanafunzi mara nyingi hupanda polepole na kuporomoka ghafla mwishoni, mahali mguu ulipotoroka. Ukitaka kujua nani amepata thamani ya ada yake, usiulize nani alikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Tazama mteremko ule wa kushuka kwenye mzunguko wake wa kwanza, halafu uutazame kwenye wa mwisho.