Kitunguu saumu, mlonge na kuku wa nyama: kinachosaidia na kisichosaidia



Katika ziara zetu za sharika robo mwaka hii, swali moja limejirudia karibu katika kila kikundi cha wafugaji: je, tunaweza kuacha dawa za dukani na kuwapa kuku wa nyama mimea tuliyo nayo shambani? Baadhi ya kamati za miradi zimeomba kuingiza mimea hiyo katika bajeti, na wafadhili wetu nao wanapenda kujua kama jambo hili ni la kweli. Tumeona ni vema tulijibu mara moja kwa wote, kwa kuwa linagusa afya ya walaji, fedha za miradi na pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Jibu kwa ufupi ni kwamba mimea inaweza kusaidia kama kiungo kidogo katika chakula cha kuku. Haiwezi kuchukua nafasi ya chanjo, usafi wa banda na chakula kilicho kamili. Mfugaji akichanganya mambo haya mawili hupata hasara.

Antibiotiki ziliingiaje katika chakula cha kuku?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara za Lederle, New York, waliwalisha vifaranga mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki iitwayo aureomaisini. Walikuwa wakitafuta vitamini B12. Waliona vifaranga hao wanakua haraka kuliko walivyotarajia, na baadaye ikajulikana kwamba sababu ilikuwa ile antibiotiki iliyobaki ndani yake. Kuanzia hapo viwanda vya chakula cha mifugo katika nchi nyingi vilichanganya antibiotiki kidogo kidogo katika chakula cha kila siku, hata kwa kuku wasio wagonjwa.

Tatizo ni kwamba dozi ndogo inayotolewa kila siku inaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale sugu wazaliane. Bakteria hao wanaweza kumfikia mwanadamu kwa njia ya nyama, mbolea, maji na mikono ya anayechinja. Mfano unaojulikana ni ule wa avopasini, iliyokuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo huko Ulaya. Inafanana na vankomaisini, dawa ambayo hospitali huitegemea pale dawa nyingine zinaposhindwa. Ilipogundulika kwamba bakteria wa kuku waliizoea avopasini na hivyo kuihimili pia vankomaisini, Denmark iliipiga marufuku mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1997.

Sweden ilikuwa imekwisha kutangulia kwa kupiga marufuku antibiotiki zote za kukuzia mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku hiyo tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote kuacha kuwapa mifugo wenye afya antibiotiki kwa ajili ya kuwakuza, na China ilizuia kuzichanganya kwa kusudi hilo mwaka 2020.

Kwetu vijijini hali ina sura yake. Mfugaji ananunua pakiti ya oksitetrasaikilini dukani bila kumwona afisa mifugo, anaitia katika maji tangu siku ya kwanza "kama kinga", na kuku mmoja akipiga chafya wote wanapewa tena. Kisha mteja wa sherehe anafika, na kuku wanachinjwa kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha. Mabaki ya dawa yanabaki ndani ya nyama. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao wataalamu wetu huuita UVIDA, unaanzia mahali kama hapo, na anayekuja kuumia anaweza kuwa mtoto katika zahanati ya usharika uleule.

Mimea inafanyaje kazi?

Baada ya marufuku, watafiti wengi walirudi kwenye mimea yenye harufu na ladha kali. Ukali huo hutokana na kemikali ambazo mmea hujilindia dhidi ya wadudu na ukungu, na baadhi yake huzuia bakteria pia. Tunataja mimea inayopatikana kwetu.

Kitunguu saumu. Punje nzima haina alisini, ile kemikali yenye harufu. Alisini hutokea pale punje inapopondwa au kukatwa, na haidumu muda mrefu. Ndiyo maana kitunguu kilichopondwa leo si sawa na kile kilichopondwa juzi, na kukichemsha kikiwa kizima ni kupoteza nguvu yake.

Pilipili kichaa. Wengi wanashangaa kuku anapoila bila kulalamika. Ndege hawausikii ule muwasho tunaousikia sisi, kwa kuwa mishipa yao ya fahamu haiitambui kemikali yake vizuri. Katika baadhi ya majaribio pilipili kidogo imeongeza hamu ya kula.

Manjano na tangawizi. Hizi zimejaribiwa sana huko Asia na Afrika. Faida iliyoonekana ni ndogo na hutofautiana kati ya jaribio na jaribio.

Mlonge. Huu ni chakula zaidi kuliko dawa. Majani yake makavu yana protini nyingi na vitamini, lakini pia yana nyuzinyuzi ambazo kuku wa nyama hawezi kuzimeng'enya vizuri. Unga wake usizidi kilo 2 na nusu katika mfuko wa chakula wa kilo 50. Ukizidi, kuku hushiba bila kukua.

Mwarobaini na shubiri. Hii tunaomba itumike kwa tahadhari kubwa. Mwarobaini ni mchungu, na ukizidi kuku hupunguza kula. Utomvu wa njano wa shubiri huharisha. Kuku wa nyama ana wiki 5 au 6 tu za kuishi, na akipoteza siku 3 za kula hazifidii tena.

Kwa kitunguu saumu, manjano na tangawizi, majaribio mengi yametumia kati ya gramu 5 na 10 za unga mkavu kwa kilo moja ya chakula, yaani gramu 250 hadi 500 kwa mfuko wa kilo 50. Mimea ikaushwe kivulini, juu ya kitu kisafi, mpaka ivunjike mkononi. Mimea iliyoota ukungu itupwe, kwa kuwa sumu ya ukungu huharibu ini la kuku kuliko faida yoyote tunayoitafuta.

Liko jambo moja ambalo kamati zinapaswa kulikumbuka. Faida ya mimea hii huonekana zaidi katika mabanda yenye uchafu na msongamano. Banda likiwa safi na chakula kikiwa kizuri, mara nyingi tofauti huwa ndogo sana. Denmark ilipoacha antibiotiki katika kuku wa nyama mwaka 1998, vifo vya kuku havikuongezeka, na chakula kilichohitajika kwa kila kilo ya kuku kiliongezeka kidogo tu. Wafugaji wao walitegemea usafi, hewa ya kutosha, vifaranga bora na ufuatiliaji wa karibu. Hata leo Ulaya inaruhusu dawa za kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuharisha damu, katika chakula cha kuku wa nyama. Wenzetu hawakuhamia kwenye mimea peke yake.

Kosa letu

Mwaka 2022 tuliendesha semina ya siku mbili kwa vikundi vya ufugaji. Tulifundisha kwa furaha kuhusu kitunguu saumu, mwarobaini na shubiri. Kuhusu chanjo tulisema maneno machache mwishoni, tukidhani kila mtu anajua.

Kikundi kimoja cha akina mama kilirudi nyumbani na kuamua kuokoa fedha. Kiliwachanja vifaranga dhidi ya kideri, lakini chanjo ya Gumboro kiliiacha, kwa kuwa kila asubuhi kuku walipewa maji ya shubiri na mwarobaini. Wiki ya nne kuku walianza kujikunyata, manyoya yakasimama, wakaharisha kinyesi cheupe cha majimaji. Afisa mifugo alipowapasua waliokufa alikuta damu imevilia kwenye misuli ya mapaja, dalili ya Gumboro. Zaidi ya nusu ya kuku walikufa ndani ya siku chache, na kikundi kikabaki na deni la mfuko wa kukopeshana.

Gumboro husababishwa na virusi. Hakuna antibiotiki inayoiponya, wala hakuna mmea unaoizuia. Mwenyekiti wa kikundi alituambia kwa upole, "Ninyi ndio mlitufundisha." Hatukuwa na la kujibu. Tuliiomba Kamati ya Miradi isogeze mbele marejesho yao, kwa kuwa sehemu ya hasara ile ilitokana na sisi. Tangu hapo semina zetu huanza na chanjo, na mimea hufundishwa mwishoni.

Tunachoshauri sharika

1. Chanjo kwanza. Kwa kawaida kideri huchanjwa siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na kideri hurudiwa siku ya 21. Ratiba kamili mpatiwe na afisa mifugo wa kata, kwa kufuata hali ya magonjwa katika eneo lenu. Siku ya chanjo maji yawe safi, bila dawa ya kusafishia maji, bila kitunguu saumu wala mmea wowote, kwa sababu chanjo hizi ni virusi hai vilivyopunguzwa nguvu na vinaweza kuharibiwa.

2. Banda. Randa iwe kavu, hewa ipite, vyombo vya maji vioshwe kila siku, na vifaranga wapate joto la kutosha katika wiki za mwanzo.

3. Antibiotiki zitumike kwa kuku wagonjwa tu, kwa maelekezo ya mtaalamu. Tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe ukutani ili siku za kusubiri ziheshimiwe.

4. Mimea ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Kikundi kitenge vifaranga wa siku moja katika vyumba viwili vyenye idadi sawa. Upande mmoja wapewe chakula chenye kitunguu saumu, upande wa pili chakula kilekile bila kitunguu. Chakula kipimwe kila siku, na kuku wapimwe mwishoni.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya kilo za chakula kilicholiwa kwa kilo za kuku waliopatikana. Tuseme kuku 100 wa kilo 2 kila mmoja wamekula kilo 400: kila kilo ya kuku imegharimu kilo 2 za chakula. Upande wenye kitunguu ukitumia kilo 380 kwa uzito uleule, mmeokoa kilo 20. Linganisheni bei ya kilo hizo 20 na bei ya kitunguu mlichotumia. Kama kitunguu kimegharimu zaidi, kipelekeni jikoni.

Kwa wafadhili wetu

Tunajua kwamba maneno "dawa za asili" hupendeza katika andiko la mradi. Tunaomba mtuulize kwanza kuhusu jokofu la chanjo, mizani na mafunzo ya wachanjaji wa vijiji. Hivi havina mvuto katika picha, lakini ndivyo vinavyobakiza kuku hai na kumwezesha mama kurejesha mkopo wake. Mimea ina nafasi yake, na tutaendelea kuijaribu pamoja na vikundi vilivyo tayari kupima na kuandika.

Uwakili mwema ni pamoja na kusema wazi pale tulipokosea. Tunakishukuru kikundi kile ambacho hakikukata tamaa. Kimeingiza vifaranga tena, na safari hii kadi ya chanjo imetundikwa mlangoni mwa banda.