Bingwa, Mizani na Kilo za Maji

Septemba 3, 2022, jijini Liverpool, bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alipiga goti katika raundi ya nne mbele ya Liam Smith, mwamuzi akamaliza pambano. Miaka minne nyuma, Mwakinyo huyohuyo aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo huko Birmingham, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili na kuifanya Tanzania nzima ijue jina lake. Ndiyo maana kipigo cha Liverpool kiliuma. Maelezo yake yakafuata: begi lenye vifaa halikufika, akapanda ulingoni na viatu visivyomfaa, mguu ukamwangusha. Nchi ikagawanyika. Vijiweni, hapa Tukuyu wilayani Rungwe kama kwingine, wapo waliosema mtu hawezi kupigana kwa kiatu cha kuazima, na wapo waliosema bingwa hapigwi na kiatu.

Kiatu angalau kinaonekana. Udhuru unaosikika mara nyingi zaidi katika ngumi za kulipwa duniani hauonekani kwa macho, nao ni uzito. Bondia anapigwa, kisha kona yake inasema alipungua mno, mwili ulikauka, aliyepanda ulingoni hakuwa yeye. Sisi mashabiki hatuna pa kuishika hoja hiyo. Tunaamini kama tunampenda, tunacheka kama hatumpendi. Sayansi ya mwili inaweza kutusaidia kufanya vizuri zaidi ya hapo, na msimamo wangu nitausema mapema: uzito unaweza kweli kumwangusha bingwa, lakini haumpi haki ya kumnyang'anya mpinzani ushindi wake.

Tuanze na kilo zenyewe. Mkulima wa chai wa Katumba anajua kwamba jani lililochumwa mvuani likiwekwa kwenye mizani, sehemu ya uzito ule ni maji tu. Kilo anazozipoteza bondia siku tano za mwisho ni za aina hiyo. Mafuta hayatoki haraka hivyo. Ili kuunguza kilo moja ya mafuta ya mwili, mtu anatakiwa kutumia takribani kilokalori 7,700 zaidi ya alizokula, na hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo kila siku kwa siku tano mfululizo. Basi bondia wa uzani wa super welter, ambao mwisho wake ni kilo 69.85, akianza wiki ya pambano akiwa na kilo 75, ujue kilo tano zile karibu zote zitatoka sehemu tatu: akiba ya wanga, mabaki ya chakula tumboni, na maji.

Wanga kwanza, kwa sababu hapa Rungwe ndio tunaoishi nao. Ndizi, viazi, ugali na kande vikishasagwa tumboni, sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni. Mwanamichezo wa kilo 70 anaweza kubeba takribani gramu 500, na kila gramu moja hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Akiacha ndizi na viazi huku akiendelea na mazoezi, hifadhi hiyo inakwisha na maji yake yanaondoka nayo. Kilo moja na nusu au mbili zimeshuka bila kugusa mafuta wala kuona kiu kali. Akiacha pia maharage na mboga zenye nyuzinyuzi, utumbo unabaki na kidogo. Mizani inafurahi. Lakini glaikojeni ndiyo inayolipia ngumi za mfululizo katika raundi ya saba, nane na tisa. Kwa hiyo kilo zile mbili, zinazoonekana nyepesi kuliko zote, tayari zimegusa pumzi ya mwisho wa pambano.

Kinachobaki kinatolewa kwa jasho, na hapo mazingira ya Rungwe yana la kusema. Tukuyu iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini. Mwezi wa Juni au Julai, ukungu ukiwa umefunika njia ya kwenda Kiwira, mtu anakimbia muda mrefu kabla jezi haijalowa. Anayetaka kutoa kilo tatu kwa jasho katika baridi ile itabidi avae jaketi la nailoni juu ya sweta, au ateremke Kyela, ambako barabara inashuka takribani mita elfu moja hadi kwenye joto la Ziwa Nyasa. Na huko ndiko penye hatari. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Ndani ya nailoni, au kwenye hewa nzito yenye unyevu, linachuruzika bila kukauka, na joto la mwili linapanda huku maji yakiisha. Mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakifanya hivyohivyo, wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha jasho ndani ya vyumba vya moto. Hawakuwa wamepigwa na mtu yeyote.

Maji yanayotoka hayatoki kwenye misuli pekee. Damu nayo inapoteza sehemu yake ya maji. Moyo unapokea damu kidogo kila unapojaa, hivyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, na ili kufidia unapiga haraka zaidi. Ngozi inapata damu pungufu ya kupozea mwili. Wanasayansi wa michezo kwa muda mrefu wametumia asilimia 2 ya uzito wa mwili kama mpaka ambao, ukipita hapo, shughuli za kudumu muda mrefu huanza kudorora, hasa kwenye joto. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 1.4 tu. Nguvu ya pigo moja haishuki kirahisi namna hiyo, na jambo hili lina uzito mkubwa tunapohukumu kipigo: bondia aliyekauka bado anaweza kupiga ngumi kali. Kinachomshinda ni kuirudia mara mia mbili.

Ukitaka kumjua, mtazame kwenye zoezi la kupima uzito na afya, mchana wa siku moja kabla ya pambano. Midomo ina utando mweupe. Macho yameingia ndani, mashavu yamekauka. Anaongea kwa mkato kwa sababu ulimi unanata. Taulo inashikiliwa mbele yake, nguo zote zinavuliwa, anapanda mizani taratibu na kutoa pumzi kana kwamba nayo ina gramu. Kilo zikitajwa, mtu wa kona anamkabidhi chupa kabla hajashuka.

Kuanzia hapo anakuwa na saa 24 hadi 30, na hapa ndipo mabondia wengi wa kwetu wanapoharibu. Maji matupu yakinywewa kwa wingi hutoka haraka kwa mkojo. Kila kilo moja iliyopotea inahitaji lita moja na robo hadi moja na nusu ya kinywaji, na kinywaji hicho lazima kiwe na chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini. Ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi, ila kilichoondolewa kwa wingi na jasho ni sodiamu. Pakiti za ORS zinazotolewa zahanati kwa mtoto anayeharisha zinafanya kazi hiihii. Na maziwa, ambayo wilaya hii inayo kwa wingi, yamepimwa maabara nchini Uingereza yakaonekana kubaki mwilini kwa muda mrefu kuliko maji ya kawaida, karibu sawa na ORS. Bondia wa Rungwe ana dawa yake nyumbani, mradi tumbo lake linayapokea. Dripu ni jambo jingine: kanuni za kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni zinakataza zaidi ya mililita 100 kwa saa 12 bila sababu ya kitabibu.

Je, saa 24 zinatosha? Majibu ya utafiti yanagongana, na mgongano huo unafundisha. Mwaka 2001, Hall na Lane wa Uingereza walichapisha matokeo ya mabondia 16 wa ridhaa waliopunguza zaidi kidogo ya asilimia 5 ya uzito wao kwa wiki moja. Walikuwa na hasira na uchovu zaidi, na hawakufikia kiwango walichojitarajia wenyewe. Brazil, Guilherme Artioli na wenzake wakawapima wanajudo waliopunguza asilimia 5 kisha wakapewa saa nne za kula na kunywa; utendaji wao haukushuka. Australia, Reid Reale na wenzake walifuatilia mashindano halisi: kwenye judo, walioongeza uzito zaidi baada ya mizani walielekea kushinda, lakini kwenye ngumi za ridhaa uhusiano huo haukuonekana. Anayesema sayansi imethibitisha kwamba kupunguza uzito kunampiga bondia anasema zaidi ya kilichothibitishwa. Inategemea amepunguza kiasi gani, kwa kasi gani, na amerudishaje.

Ulingo wenyewe unasema hivyohivyo. Desemba 2008, Oscar De La Hoya alishuka hadi uzani wa welter, ambao hakuwa amepigana humo tangu 2001, ili akutane na Manny Pacquiao. Mizani ilimpa kilo 65.8, chini ya kikomo cha kilo 66.7. Usiku wa pambano alikuwa ameongeza kama kilo moja tu, wakati Pacquiao, aliyekuja kutoka uzani wa chini, alikuwa mzito kuliko yeye. Mwili wa De La Hoya ulikataa kupokea. Mikono haikutoka, na baada ya raundi ya nane hakurudi tena. Hapo naikubali hoja ya uzito bila kusita: namba zipo, na pambano lilionekana vilevile namba zilivyosema.

Linganisha na Chris Eubank Mdogo. Aprili 26, 2025, alipigana na Conor Benn jijini London kwa kikomo cha kilo 72.57, na mkataba ukimbana asizidi kilo 77 asubuhi ya pambano. Alizidi kikomo kwa gramu zisizofika 30, akatozwa faini ya mamia ya maelfu ya pauni. Alipigana raundi 12, akashinda kwa pointi, kisha akapelekwa hospitali. Novemba mwaka huohuo walirudiana, masharti yaleyale ya kilo, na Benn akamwangusha mara mbili katika raundi ya mwisho na kushinda kwa pointi nyingi. Mtu yuleyule, mizani ileile, matokeo mawili. Kama kilo zilimpiga mara ya pili, mbona hazikumpiga mara ya kwanza? Na kama alishinda mara ya kwanza akiwa amekauka, tunawezaje kusema bondia aliyekauka hashindi?

Kuna jambo ambalo mabingwa hawapendi kulitaja. Bondia hapunguzi uzito kwa bahati mbaya. Anapunguza ili apigane na mtu mdogo kuliko yeye. Februari 2000, Arturo Gatti alipimwa kwa kikomo cha kilo 64 dhidi ya Joey Gamache. Usiku wa pambano, mizani ya televisheni ilimkuta na karibu kilo 72.6. Gamache alikuwa na kilo 65.8. Alipigwa katika raundi ya pili, akaumia ubongo, hakupigana tena. Usiku ule kukauka na kujijaza upya kulikuwa silaha ya mshindi. Bingwa anayeshinda kwa silaha hiyo hamshukuru mpinzani kwa kuwa mdogo. Basi siku silaha hiyo inapomlipukia mkononi, ushindi wa mwenzake ubaki mzima.

Kwa anayetazama, zipo dalili. Bondia aliyeanza kwa kasi, kisha miguu ikafa kuanzia raundi ya tano, akakumbatia kila akisogelewa, akatupa ngumi zisizofika: hapo uliza alipunguza kilo ngapi. Aliyepigwa ndoano safi raundi ya kwanza baada ya kushusha mkono wa kulia, kamtafutie kocha.

Ila kwa ngumi za kichwani nasita kidogo. Mwili unapokauka, ubongo nao hupungua ujazo kwa kiasi kidogo. Picha za MRI zimeonyesha hivyo. Wanasayansi wanashuku kwamba hali hiyo inaiacha mishipa midogo kati ya ubongo na fuvu ikivutwa zaidi kila ngumi inapotua. Uthibitisho kamili kwa mabondia haujapatikana, na kutokwa damu kichwani hakuhitaji mtu awe amekauka. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa Seoul 1988, alikufa Julai 1994 baada ya pambano Las Vegas. Ngumi peke yake zinatosha kuua. Lakini Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyekufa baada ya kupigwa na Ray Mancini Novemba 1982, alikuwa amehangaika sana kufikia uzito, na kifo chake kilichangia kubadili ngumi: shirika la ngumi la WBC likapunguza raundi za mapambano ya ubingwa kutoka 15 hadi 12, na upimaji ukahamia siku moja kabla. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba mabondia walipata saa nyingi za kurudisha maji, wakaanza kuthubutu kupunguza zaidi.

Kwa hiyo kona inaposema bondia wetu alikauka, nisingependa tuishie kubishana kama ni kisingizio. Kama ni kweli, basi mtu alipandishwa ulingoni akiwa katika hali ya hatari, na kocha, daktari na promota walikuwepo. Shirika la ngumi la IBF limewahi kuwapima tena mabondia asubuhi ya pambano la ubingwa, na aliyezidi kikomo cha uzani wake kwa zaidi ya kilo 4.5 alihesabiwa kuwa amevunja masharti. Kampuni ya mapigano ya ONE ya Asia, baada ya mpiganaji wake Yang Jian Bing kufa Desemba 2015 akipunguza uzito, ilianza kupima mkojo wa wapiganaji ili kujua kama wana maji ya kutosha mwilini. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania inaweza kuanza na kilicho rahisi kuliko vyote: mizani ya pili, saa chache kabla ya kengele, na namba zote mbili zisomwe hadharani pamoja na majina ya mabondia wanapoitwa ulingoni.