Kufanana na Kuwa Kile Kile: Ulinganishaji wa Vitu katika Lugha ya Python

Msemaji wa Kiswahili anaposema kwamba amenunua kitabu kama kile, na anaposema kwamba amenunua kitabu kile kile, haelezi jambo moja. Katika kauli ya kwanza vitabu ni viwili vinavyofanana. Katika ya pili kitabu ni kimoja tu, nacho kimebadilisha mwenyewe. Tofauti hii, ambayo Kiswahili huibainisha kwa kurudufu kiashiria, huwatatiza wengi wanaojifunza kuandika programu, wakiwemo wanafunzi wa isimu wanaotumia tarakilishi kukusanya msamiati.

Python, lugha iliyotolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ina njia mbili za kulishughulikia suala hili. Alama == huuliza iwapo vitu viwili vina thamani sawa, ilhali neno is huuliza iwapo majina mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja katika kumbukumbu ya tarakilishi. Orodha mbili zenye maneno kiti, meza na kabati kwa mpangilio uo huo ni sawa kwa mujibu wa ==, lakini si kitu kimoja kwa mujibu wa is: neno likiongezwa katika moja, nyingine haiguswi. Aghalabu mwanagenzi hutumia is kulinganisha nambari. Kwa kuwa Python huhifadhi nambari ndogo ndogo mara moja na kuzitumia tena, jibu huja sahihi kwa sadfa, kisha nambari kubwa zikamsaliti. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, Python yenyewe hutoa onyo is inapotumiwa pamoja na nambari iliyoandikwa moja kwa moja katika programu.

Utata mkubwa zaidi huzuka pale mtu anapounda aina yake mwenyewe ya kitu. Chukulia mwanafunzi anayeandaa kamusi, ambamo kila kidahizo ni kitu chenye tahajia, aina ya neno, ngeli na maana. Asipotoa maelekezo, Python huvihesabu vidahizo viwili kuwa sawa pale tu vinapokuwa kitu kile kile. Kidahizo kilichoingizwa mara mbili kwa bahati mbaya kitabaki mara mbili. Hana budi kuandika kanuni ya __eq__, ambayo alama == huitegemea, na hapo swali la tarakilishi linageuka kuwa swali la isimu. Kanuni ikilinganisha tahajia pekee, kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kaa vitakuwa neno moja. Ikilinganisha hata maelezo ya maana, nukta moja iliyosahauliwa itazaa kidahizo kipya. Kuongeza aina ya neno na ngeli kunawatenganisha kaa hao watatu, lakini hakutoshi kwa paa: kupaa angani na kupaa samaki magamba vyote ni vitenzi. Waandishi wa kamusi za karatasi walilitatua jambo hili zamani kwa kuvipa vidahizo vya namna hiyo nambari, na hakuna sababu ya mwandishi wa programu kubuni njia nyingine.

Hata tahajia yenyewe si ya kuaminiwa. Neno ng'ombe lililoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, yenye msimbo U+0027, na ng’ombe lenye ritifaa iliyopinda, yenye msimbo U+2019, ni maneno mawili machoni pa ==. Kongoo iliyokusanywa kutoka vyanzo mbalimbali huwa na yote mawili, na hesabu ya marudio ya neno hugawanyika bila mtafiti kujua. Sharti ritifaa zote zifanywe za namna moja kabla ya kulinganisha.

Anayeandika __eq__ hulazimika pia kuandika __hash__, kanuni inayokipa kila kitu nambari ya kukitafutia. Bila hiyo, Python 3 hukataa kukitia kitu hicho katika seti. Vidahizo vilivyo sawa lazima vitoe nambari sawa, na sehemu zinazotumiwa kuikokotoa zisibadilishwe baadaye. Ikiwa ngeli imo katika hesabu hiyo, nayo ikasahihishwa baada ya kidahizo kutiwa katika seti, seti itakitafuta mahali pengine na kujibu kwamba hakimo, ilhali kimo.