Usaili wa kazi pia ni mtihani wa lugha

Kila mwaka maelfu ya vijana hufuzu kutoka vyuo vikuu vyetu. Wengi husubiri kwa muda mrefu kabla ya kuitwa kwa usaili, na wapo wanaotoka huko mikono mitupu ilhali shahada zao ni nzuri. Nimeketi katika majopo ya usaili kwa miaka mingi. Nionavyo mimi, wengi hawaangushwi na uchache wa maarifa bali na jinsi wanavyojibu.

Tuanze na neno lenyewe. Usaili limetokana na kitenzi ‘saili’, chenye asili ya Kiarabu na mzizi mmoja na ‘swali’. Msaili huuliza, msailiwa hujibu. Mahojiano nalo lina kiambishi -an- cha kutendana: pande zote mbili huhojiana. Tofauti hii tutairejelea.

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake ya 1975, alieleza kuwa mazungumzo hufaulu kwa ushirikiano unaoongozwa na kanuni nne: kiasi, ukweli, uhusiano na namna. Tuzitumie kwa kijana anayeomba kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya upili.

Kwanza, kiasi. Akiambiwa, “Tueleze kukuhusu,” ataanzia kijijini alikozaliwa, apitie shule ya msingi, hadi jopo lichoke. Wasifukazi wake si uko mezani? Dakika mbili zatosha: amesomea nini, amefanya nini na kwa nini anaitaka kazi hii.

Pili, ukweli. “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na sihitaji kusukumwa.” Kila mtu husema hivyo! Sifa bila ushahidi hazina uzito. Heri aseme: “Katika mazoezi ya kufundisha, nilipata wanafunzi wa Kidato cha Pili wakiogopa insha. Nikawa nawapa aya moja kila Ijumaa, tunaisahihisha pamoja. Kufikia mwisho wa muhula, hata waliokuwa wakikwepa walikuwa wakiandika ukurasa mzima.” Hapa vitenzi vinamshuhudia kuliko vivumishi. Na asilolijua akiri, kisha aeleze angeanzia wapi. Anayebabaisha hutambulika upesi.

Tatu, uhusiano. Kuna wanaokariri majibu nyumbani. Akiulizwa atamsaidiaje mwanafunzi asiyependa kuzungumza Kiswahili, yeye anasimulia historia ya lugha hiyo! Ajibu alichoulizwa. Asipoelewa, aseme, “Samahani, naomba swali lirudiwe.” Hakuna aibu hapo.

Nne, namna. Siidharau Sheng, ina mahali pake. Lakini ‘poa’ na ‘si unajua’ mbele ya jopo huashiria kuwa msailiwa hatambui rejista ya mahali alipo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Basi ajizoeze kujibu kwa zote mbili, na ajibu kwa lugha aliyoulizwa.

Maandalizi yaanzie kwenye tangazo la kazi. Pigia mstari kila kitenzi: kufundisha, kutahini, kusimamia, kushauri. Kwa kila kimoja, kumbuka tukio moja ulilofanya jambo hilo, kisha lisimulie kwa sauti mbele ya rafiki hadi lisizidi dakika mbili. Unaweza pia kutazama rekodi za Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) ikiwasaili hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, 2016 na 2021. Sikiliza ni majibu gani yanayofunga mjadala na ni yapi yanayozua maswali zaidi.

Mwishoni jopo huuliza, “Je, una swali?” Wengi hujibu, “La, asanteni.” Hapo ndipo kile kiambishi -an- kinapofaa. Uliza idara ina walimu wangapi, au ni changamoto gani ambayo mwalimu mpya atatarajiwa kuishughulikia kwanza. Hilo laonyesha kwamba nawe unaipima kazi hiyo. Suala la mshahara liache hadi jopo lilianzishe, ila uwe umeshajua utajibu nini.