Je, Wajua? Kutoka Litumbandyosi Hadi Ziwani

Je, wajua kuwa mgeni wa Litumbandyosi, kata ya wilaya ya Mbinga, haanzi na mandhari? Anaanza na ofisi ya serikali ya kijiji na kusaini kitabu cha wageni. Picha baadaye.

Kwamba Mmatengo, mwenyeji wa Mbinga, huhesabu kwao kwa ntambo? Huo ni mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, makazi na mashamba ya ukoo mmoja. Ayalandi nako kuna vieneo vya ukubwa wa kitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina lake, na vingi mpaka wake ni kijito.

Je, ngoro waijua, kilimo cha Wamatengo? Masika yakielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza zikatize mraba mraba mteremkoni. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Mlima mzima unabaki na vishimo kama sega la nyuki. Mvua ikipiga, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zinaozea humo humo zikawa mbolea. Kwanza maharage, msimu unaofuata mahindi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, waliichunguza miaka ya 1990. Bibi zetu walishahitimu zamani!

Sengu je? Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa babu, kila nyumba ikileta chungu chake. Hapo kesi zilimalizwa, na chungu kikija chepesi wazee walijua nyumba ipi ina njaa. Sijaona ofisi ya ustawi wa jamii iliyo na macho kama hayo.

Kahawa ya Mbinga? Arabika.

Tushuke sasa ziwani. Je, wajua kuwa vita vya kwanza vya dunia vilifika Ziwa Nyasa mapema mno? Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliivamia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Wissmann, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Aliyeamuru afyatuliwe mzinga, Rhoades, nahodha wa Gwendolen, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, Bandari ya Sfinksi, kwa sababu ya umbo la jiwe la Pomonda majini.

Ukifika huko, ulizia usipa, dagaa wa Nyasa. Wa kukaanga, si wa kuchemsha.