Ukweli Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Tiba Shufaa kwa Familia Changa ya Wakulima

Katika vijiji vya mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, mtori hujulikana kuwa chakula cha mzazi aliyejifungua. Ndizi huchemshwa pamoja na nyama, zikapondwa hadi zikalainika, mama akanywa ili mwili wake urejewe na nguvu. Mwanamume anapoomba apikiwe mtori kila siku, jikoni huanza utani. Miezi miwili baadaye utani hukoma, kwa kuwa mtori nao haushuki.

Ndivyo inavyoanza safari ya familia ambayo makala haya yanaitumia kuwa mfano. Si familia moja mahususi. Imeundwa kutokana na mambo ambayo wahudumu wa tiba shufaa hukutana nayo mara kwa mara. Baba ana umri wa miaka 37 na mama ana miaka 32. Wana watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 4. Riziki yao hutoka katika kihamba cha migomba na kahawa, shamba la mahindi lililoko tambarare, na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Baba anaugua saratani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani hii huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na baadhi ya wagonjwa wa ukanda huo ni vijana. Kwanza hukwama nyama na ugali, kisha vyakula laini, na hatimaye hata maji. Kwa kuwa ugumu wa kumeza hujitokeza wakati uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia, wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeenea. Yeyote anayeona chakula kikavu kinamkwama mara kwa mara hana budi kwenda kupimwa bila kusubiri.

Kikao cha ukoo

Baba alichunguzwa kwa kamera iliyopitishwa kooni, na kipande kidogo cha nyama kikachukuliwa kwa vipimo. Picha zilionyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye ini. Alirudi nyumbani akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na tarehe ya kurudi kliniki. Hakuna aliyemweleza kwa maneno ya wazi kwamba ugonjwa huo hautapona.

Kaka yake mkubwa aliitisha kikao. "Shemeji," alimwambia mama, "hatuwezi kumwacha mdogo wangu afe huku ng'ombe amesimama zizini." Ikapendekezwa ng'ombe auzwe na sehemu ya kihamba ikodishwe, ili mgonjwa apelekwe kwa mtu aliyesifiwa kuwa anaponya saratani. Kaka alisema hayo kwa upendo, na kwa taarifa alizokuwa nazo hapakuwa na kosa katika hoja yake. Lakini maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kuwa chakula pekee kinachopita kooni mwa mgonjwa, na masalio yaliyouzwa kwa majirani ndiyo yaliyonunua madaftari ya watoto.

Hapo ndipo taarifa ya kitabibu inapogeuka kuwa suala la riziki. Familia ya mkulima haina mshahara wa kukatwa kidogo kidogo. Akiba yake ni mnyama, mbegu na ardhi, na kila kimoja kikishauzwa huchukua miaka kurudi, kama kitarudi. Ukweli unaocheleweshwa kwa nia ya kumhurumia mgonjwa unaweza kuwaachia watoto wake zizi tupu.

Namna ya kuusema ukweli

Siku ya kliniki daktari alimwomba baba achague anayetaka awepo. Akawachagua mkewe na kaka yake. Wakaketi wote, mlango ukafungwa.

"Baba, mpaka sasa umeuelewaje ugonjwa wako?"

"Nimesikia kuna uvimbe, daktari. Ukikatwa, nitapona."

"Natamani ingekuwa hivyo. Uvimbe huu ni saratani, na imeshafika kwenye ini. Hatuna dawa wala upasuaji wa kuiondoa. Tunazo dawa za kutuliza maumivu na njia za kukusaidia umeze. Hatutakuacha."

Daktari alinyamaza, wala hakuharakisha kuujaza ukimya ule. Aliyeuvunja ni mama: "Kwa hiyo ng'ombe tusimuuze?"

"Msimuuze kwa ajili ya kutafuta kupona."

Katika mazungumzo hayo mafupi mna mambo ambayo kila mhudumu anaweza kuyafuata. Ni kumwuliza mgonjwa anachokijua kabla ya kumwongezea kingine, kutaja jina la ugonjwa bila mafumbo, na kutenganisha kauli mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: "haitapona" na "hakuna la kufanya". Kauli ya kwanza yaweza kuwa kweli. Ya pili si kweli kamwe. Familia ikiuliza kuhusu muda, isipewe hesabu ya siku. Kusema "ni miezi, na huenda isifike mwaka" kunatosha kuwawezesha kupanga msimu. Kwa upande wao, mgonjwa na ndugu wana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Je, tiba hii inaponya au inapunguza mateso? Itagharimu kiasi gani pamoja na nauli na malazi? Tusipoifanya, kuna njia gani nyingine?

Kupunguza mateso

Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwili, nafsi na roho kwa mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na kuitegemeza familia yake. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi wanachama kuiingiza huduma hiyo katika mifumo yao ya afya. Haina sababu ya kungoja siku za mwisho, bali inapaswa kuanza mapema, hata sambamba na matibabu mengine.

Kwa baba huyu, hatua ya kwanza ilikuwa kufungua njia ya chakula. Katika hospitali kubwa, mrija wa wavu wa chuma huweza kupitishwa kwa kamera na kuachwa umetanuka mahali palipozibwa. Mwenye mrija huo hula chakula laini kidogo kidogo akiwa ameketi, hutafuna sana, hunywa maji baada ya kula, na huepuka vipande vya nyama ngumu na madonge ya ugali. Mtori ukarudi mezani, safari hii bila utani. Wengine husaidiwa na mionzi ya muda mfupi inayopunguza uvimbe.

Hatua ya pili ilikuwa maumivu. Mofini ya maji humezwa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa na si kungoja maumivu yapande. Dozi huanza ndogo na kuongezwa na mtaalamu kulingana na hali. Kwa kuwa huleta kufunga choo, hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Hofu kwamba mgonjwa "atazoea dawa" imewanyima wengi usingizi bila sababu. Inapotumiwa kwa maumivu ya saratani chini ya uangalizi, humwezesha mtu kukaa na watu wake. Chupa ihifadhiwe mbali na watoto. Changamoto kubwa kwa mkulima ni umbali wa kuipata. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini, hatua iliyoisogeza dawa hiyo karibu na vijiji.

Kalenda ya shamba

Mpango wa huduma ulioandikwa hospitalini ulikuwa na tarehe ya kliniki iliyoangukia katikati ya Machi, wakati wa kupanda mahindi ya masika. Muuguzi wa tiba shufaa alipomtembelea mgonjwa nyumbani ndipo alipong'amua kwamba mama angelazimika kuchagua kati ya kumsindikiza mumewe na kupanda. Tarehe ikasogezwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akapewa jukumu la kumwona mgonjwa kila wiki.

Muuguzi aliuliza pia swali lisiloandikwa katika fomu nyingi: "Baba, ni kazi gani ya shamba ambayo wewe pekee unaijua?" Zilikuwa nyingi: kupogoa mibuni, siku za zamu ya maji ya mfereji, deni la pembejeo, na fedha za kahawa ambazo chama cha ushirika kilikuwa bado hakijazilipa. Kwa wiki kadhaa, akiwa na nafuu ya maumivu, baba alikaa kwenye kigoda kihambani akimwelekeza mkewe na bintiye tawi la kukata na la kuacha. Aliyekuwa amejiona mzigo akawa mwalimu. Kaka yake, ambaye sasa aliujua ukweli, alichukua kazi ya kukata majani ya ng'ombe.

Watoto husikia

Binti alikuwa ameanza kukosa shule ili achote maji na kumwangalia mdogo wake. Mvulana alikojoa kitandani. Mdogo aliuliza kila siku lini baba atambeba tena. Wazazi waliamini kwamba watoto hawajui lolote, ilhali kila mmoja alikuwa akijaza pengo kwa mawazo yake. Mvulana alidhani baba aliugua kwa sababu yeye aliwahi kumkosea.

Mtoto huambiwa ukweli kwa kadiri ya umri wake, na mtu anayemwamini. Aelezwe kwamba ugonjwa una jina, kwamba hakuusababisha, kwamba hauambukizwi kwa kukaa karibu na baba, na kwamba kuna mtu atakayeendelea kumtunza. Maneno "amesafiri" na "amelala" yaepukwe, maana mtoto mdogo atamngoja msafiri arudi au ataogopa kulala. Mwalimu mkuu naye aarifiwe. Majirani walipogawana zamu ya kuchota maji, binti alirudi darasani.

Ardhi kabla ya msiba

Kihamba ni makazi, ni chakula, na ni mahali wanapozikwa wazee. Hivyo mazungumzo kuhusu nani atabaki nacho huonekana kama kumchimbia mtu kaburi angali hai. Hata hivyo, migogoro inayowatoa wajane mashambani huanza pale marehemu alipokaa kimya. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke au mtoto haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Wosia ulioandikwa kwa hiari mbele ya mashahidi huweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mhudumu wa afya hahitaji kuwa mwanasheria. Inatosha aulize kama jambo hili limezungumzwa, na aelekeze kwa ofisi ya kijiji au msaada wa kisheria.

Baba alilizungumza mwenyewe, mbele ya kaka yake, mtendaji wa kijiji na mkewe. Alifariki dunia nyumbani mwezi Agosti, kahawa ikiwa imeanza kuiva. Wiki sita baada ya mazishi, muuguzi alirudi kumjulia hali mjane, kwa maana tiba shufaa haikomi siku ya maziko. Alimkuta kihambani na bintiye wakichuma kahawa. Zizini, shemeji alikuwa akimwaga majani mabichi mbele ya ng'ombe.